Bidoni ya Mama Mukubwa

Wenzangu wengi waliingia kazini kwa kupeleka barua kwenye biro ya Direkta. Mimi niliingia kwa kuruka uzio. Direkta ameniomba, sasa ninapopumzika kazi, niwaandikie ninyi mnaobaki namna tulivyokuwa tukitengeneza na kutunza vibao vya bustani yetu ya wanyama hapa Kalemie, na najua alitarajia nianze na rangi na misumari. Rangi na misumari vitakuja. Lakini nisipoanza na uzio, hamtaelewa kwa nini kule chini kwa mamba kumetundikwa bidoni, dumu la plastiki la kuchotea maji, badala ya kibao, wala kwa nini nilikataa kuaga mpaka jambo la bidoni ile liishe.

Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimetoka Manono kuja kukaa kwa mama mdogo. Mgeni ni kuku mweupe, wanasema, na mimi nilikuwa mweupe kweli. Sikujua njia, sikujua ziwa, sikujua kwamba mji huu una bustani ya wanyama. Nilichojua ni kwamba bomba la kartie yetu, mtaa mzima, limekauka. Wakati ule maji ya mji yalisukumwa na mashine ya umeme, basi umeme ukienda, maji yanaufuata nyuma kama mke mtiifu, na umeme ulikuwa umekwenda tangu juzi. Jirani mmoja akamwambia mama mdogo kwamba nyuma ya uzio fulani, karibu na ziwa, kuna bomba la maji ya chemchemi yanayotoka mlimani ambalo halikauki kamwe. Hakutaja kingine. Nadhani alifikiri kila mtu anajua.

Nikachukua bidoni mbili za njano, nikashuka. Uzio niliuona, na juu yake kibao: fuvu la kichwa cha mtu, jeupe juu ya weusi, na mifupa miwili imepishana chini yake. Hakuna neno hata moja. Alama ile niliijua vizuri. Kwetu Manono ilikuwa kwenye vijumba vya umeme vya mgodi wa zamani, na maana yake ni kwamba waya huu una umeme, ukigusa unakufa. Nikasimama, nikafikiri kama mtu mwenye akili zake. Umeme haupo mji mzima. Basi leo uzio huu ni waya tu. Nikavua kandambili, nikaruka.

Bidoni ya kwanza ilijaa bila shida. Ya pili nilikuwa nimeiinamisha chini ya bomba, nimeshika mpini wake, maji yanaguna ndani, wakati kitu kama gogo kilipotoka kwenye dimbwi lenye majani na kuikamata. Mkono ulivutwa, bega likalia, nikaachia. Kinachofuata ninachokumbuka ni kwamba niko upande wa pili wa uzio, gauni limechanika, na mzee mmoja mwenye kofia iliyojaa madoa ya rangi ananitazama.

“Mutoto wangu, umeumia?”

“Hapana, Papa.”

Alinigeuza mikono, akatazama huku na huku, akaniketisha kwenye nyasi. Nikangoja matusi. Badala yake alinyoosha brashi yake kuelekea kile kibao.

“Pale uliona nini?”

“Kichwa cha mufu, Papa.”

“Ukafikiri nini?”

“Courant.”

“Sasa kama uliona ni courant, uliruka sababu gani?”

“Courant haiko tangu juzi, Papa. Na kama courant haiko, maji nayo haiko. Njo maana nilikuja.”

Mzee akakaa chini karibu nami, kofia mkononi, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

“Kumbe ile siku maji inakosa,” alisema, “njo ile siku kibao yangu inakufa.”

Alikuwa ndiye mchoraji wa fuvu. Alilichora kwa ajili ya wasiojua kusoma, akifikiri kila mtu ataelewa, na kweli kila mtu alikuwa ameelewa, ila si kile alichokusudia. Hakutafuta maneno ya kujitetea. Aliinuka, akachovya brashi kwenye kopo la rangi nyeusi, akalifuta fuvu lile hapo hapo, mbele yangu na mbele ya kina mama wawili waliokuwa wamesikia vurugu wakaja kuchungulia. Alipomaliza akaniambia, “Kesho urudi. Niko na lazima na weye.”

Huyo ndiye Papa Mmunga. Nimefanya kazi na watu wengi, wengine wana shule ndefu, wengine wana mikono ya dhahabu, lakini sijaona mwingine ambaye siku kazi yake iliposhindwa, kitu cha kwanza alichofanya baada ya kuifuta kilikuwa kumwajiri mtu aliyeishinda.

Alitoka kaskazini mwa ziwa, upande wa Fizi, na kabla ya bustani alikuwa akiandika majina ya maboti bandarini. Maboti ya Moba, ya Zongwe, hata yale yanayovuka kwenda Kigoma, mengi yalibeba mkono wake. Kazi ile ilimfundisha jambo moja ambalo alinirudilia mpaka masikio yakaota sugu: anayesoma jina la boti ni mwanamke aliye pwani, mume wake yuko ndani, na hana haja na herufi nzuri, ana haja na herufi anayoiona mbali. Kwa hiyo herufi za Papa Mmunga zilikuwa nene, zimekaa mbalimbali, bila mikia wala mapambo. Vijana wa mjini walizicheka. Mvua ya ziwani ikija, za vijana zinakuwa matope na zake zinasomeka.

Siku yangu ya kwanza kamili hakunipa brashi. Alinitembeza bustani nzima, kibao kwa kibao, tangu kwa kobe mpaka kwa sokwe. Mimi nilikuwa nimesoma kidogo, nikataka kumwonyesha, nikaanza kusoma kwa sauti. Alinikatiza.

“Usinambie imeandikwa nini. Mimi njo niliandika. Nambie unataka kufanya nini.”

Sikuelewa. Tukasimama mbele ya tumbili. Kibao kilisema wageni wasiwape chakula. Nikamwambia ukweli: nilikuwa na ndizi mkobani, na tangu niliposoma neno chakula nilikuwa nikiifikiria ile ndizi. Alicheka mpaka akakohoa. Juma lile lile kibao kilibadilika. Kikaandikwa kwamba tumbili hawa wamekwisha kula asubuhi, na chini yake ikachorwa tumbili ameshika tumbo anaumwa. Ndizi zilipungua, hazikuisha. Binadamu ni binadamu.

Alikuwa na desturi nyingine ambayo naomba msiiache. Hapa kwetu familia ikija kutembea siku ya Jumapili, anayesoma kibao si baba. Ni mtoto wa shule. Baba na mama wanasimama nyuma, wengine hawakusoma na wengine wamesahau, na mtoto anasoma kwa sauti kwa ajili ya wote. Papa Mmunga aliandika kwa ajili ya mdomo wa yule mtoto. Hakuweka neno ambalo mtoto wa darasa la tatu atakwama nalo mbele ya wazazi wake, maana mtoto akikwama ataona haya, akiona haya atavuta mama kwenda mbele, na kibao kimekufa. Vibao vyote vilikaa kwenye urefu wa macho ya mtoto. Kabla ya kukipandisha kimoja alikuwa akikiegemeza ukutani na kungoja watoto wanaotoka shule wapite. Mtoto akisoma bila kusita, kinapanda. Akisita, kinarudi mezani. Niliwahi kumwona akifuta kazi nzima ya siku kwa sababu mtoto mmoja alimeza mate katikati ya mstari.

Sasa bidoni. Mamba yule ni jike, na watunzaji walimwita Mama Mukubwa, kwa sababu nyumbani kwa dada mkubwa wa mama yako huingii bila kupiga hodi. Aliitafuna bidoni yangu kidogo, akaona haina nyama, akaiacha ikielea. Papa Kasongo, ambaye wakati ule alikuwa kijana ndiyo kwanza ameanza kumtunza, aliivuta kwa kijiti chenye ndoano. Ilikuwa imebonyea upande mmoja, na matundu ya meno yamejipanga safu mbili, juu na chini, kila tundu linatosha kidole. Papa Mmunga aliizungusha mikononi kama mtu anayenunua papai. Kisha akaifunga kwa waya mahali fuvu lilipokuwa.

Direkta wa siku zile alikuwa mtu msafi sana, suruali imepigwa pasi hata siku ya mvua. Alishuka, akatazama, akasema bustani si jalala. Papa Mmunga hakubishana. Alimwomba tu asimame naye kidogo kando ya njia. Wakaja wasichana wanne na bidoni zao, wanacheka. Walipofika kwenye uzio kicheko kilikatika. Mmoja aliitazama bidoni iliyotundikwa, akaitazama ya mkononi mwake, akaihamishia mgongoni. Wakageuka wakarudi walikotoka.

Direkta akasema neno ambalo nimemheshimu kwa ajili yake mpaka leo. “Sawa, Papa. Umewaambia wasiingie. Sasa nani atawaambia maji iko wapi? Bale batoto banarudi nyumbani na kiu.”

Papa Mmunga akamtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. Kwa muda wote ule sisi tulikuwa tukifikiria mamba. Direkta ndiye aliyefikiria kiu. Alitafuta mafundi, bomba la chemchemi likaongezwa urefu mpaka likatoka nje ya uzio, kwenye njia, mahali mtu anachota akiwa amesimama salama. Na hapo nikapewa brashi kwa mara ya kwanza. Niliandika kibao changu cha kwanza: MAMA, MAJI IKO HUKU, na mshale. Wapo walionilaumu baadaye kwamba si Kiswahili cha shule. Ni kweli. Lakini hakuna mama aliyewahi kusimama pale akashindwa kupata maji.

Tangu siku ile ndivyo tulivyofanya kazi. Kila tulipotaka kukataza kitu, tuliuliza kwanza yule mtu anataka nini. Watu walikuwa wakimtupia Mama Mukubwa mawe. Tungeweza kuandika wasitupe mawe, nao wangetupa. Papa Mmunga alikaa pale akawasikiliza. Walitaka kujua kama yu hai, basi. Mamba akilala hana tofauti na gogo, na mtu amelipa kiingilio. Tukaandika: ANALALA. ANAKULA SIKU YA POSHO MCHANA. NJOO UMUONE. Posho kwetu ni Jumamosi. Mawe yakapungua, na Jumamosi mchana uzio ukawa unajaa watu kama kanisa siku ya Pasaka.

Rangi, kwa wale waliongoja rangi. Nyekundu inakufa kwanza. Ziwa letu liko upande wa mawio, na jua la asubuhi linapiga kibao mara mbili, mara moja kutoka juu na mara ya pili kutoka kwenye maji, na nyekundu haiwezi vita hivyo. Ukiandika HATARI kwa nyekundu na maneno mengine kwa nyeusi, ipo siku mtakuta kibao kinachosema kila kitu isipokuwa hatari. Wekeni jambo zito kwenye nyeusi, nyekundu mpeni maua. Mguu wa nguzo uchomwe moto kidogo, halafu ulowekwe kwenye mafuta machafu ya gari, la sivyo mchwa watausoma kabla ya wageni. Brashi ioshwe siku ile ile. Brashi iliyolala na rangi huamka fimbo.

Kesi iliyotushinda ni ya samaki. Direkta mwingine alitengeneza matangi ya kioo akaweka samaki wa ziwani, wazuri kweli, wa milia na wa bluu, na kando yao mikeke na kuhe, samaki wa sahani zetu za kila siku. Tukaandika majina, wanakaa wapi, wanakula nini. Wageni walisimama mbele ya mukeke, wakasoma, wakaulizana anapikwa na mawese au anachomwa. Mama mmoja aliniuliza bei, akakasirika nilipomwambia hauzwi, akasema basi mumemuweka hapo kwa kutesa watu. Papa Mmunga alikubali kushindwa kwa moyo mweupe. Alisema huwezi kumfundisha mtu kushangaa chakula chake.

Na alikuwa mkali kwa kitu kimoja, ukweli. Sokwe wetu alipopigana na mwenzake akararuliwa sikio, Papa Mmunga alikwenda kwenye kibao siku ile ile akalifuta sikio la picha yake. Nilimwambia ni kitu kidogo. Akasema mtoto akisoma, anamgeukia mama yake na kuuliza kama ni kweli, na mama anatazama mnyama. “Kibao ikisema uongo moja, zote zinakuwa uongo. Na ile ya mamba iko kati yazo.”

Vita vilipofika, bustani ilibaki jina. Swala waliliwa, kobe waliliwa, na tumbili walikimbilia mlimani, wakaonyesha kwamba wana akili kuliko tulivyoandika. Mama Mukubwa hakuna aliyejaribu. Vibao vya mbao vilikuwa kuni, vibao vya bati vilikuwa paa. Kwa miaka ungeweza kutembea mjini na kusoma kazi yetu kwenye nyumba za watu. Kuna banda la kuku karibu na soko ambalo mlango wake ulisema CHATU, na sikumbuki kusikia kwamba waliibiwa kuku. Papa Mmunga alinikataza kwenda kuvidai. Alisema bati limekwenda mahali mvua ilikuwa inaingia. Kitu kimoja tu hakikuguswa. Bidoni yenye matundu haishiki maji, na mwizi naye ana hesabu zake. Tuliporudi kazini tuliikuta inaning'inia kwenye waya wake, na mzee akaishika kwa mikono miwili, akalia. Nami nililia.

Tukaanza upya, kibao kwa kibao. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alipokuwa hawezi tena kuandika, alikuja kila Jumapili, akaketi mahali, akasikiliza watoto wakisoma. Kwa sauti zao alijua ni kibao kipi kimepauka. Alikuwa ananiita, “Faila, kule kwa kasuku batoto banasita,” nami nikienda naikuta herufi imeliwa na jua. Alipofariki, familia yake iliniomba niandike msalaba. Niliandika jina lake kwa nyeusi, herufi nene, mbalimbali, bila mkia. Nilijikaza mpaka herufi ya mwisho, kisha sikuweza tena. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyowahi kumwambia.

Miaka hii ya karibuni mmeiona wenyewe. Ziwa limepanda. Limechukua barabara ya chini, limechukua nyumba za watu, na maji yake yalifika mpaka kwenye ukuta wa dimbwi la Mama Mukubwa, upande wa ziwa, tukalazimika kuupandisha. Waliopoteza nyumba walikuja kujenga juu ya bustani, na wengine wametoka vijiji vya mbali kando ya ziwa. Bomba letu la chemchemi sasa linahudumia watu wengi kuliko zamani. Foleni inakuwa ndefu, na mwenye haraka anatazama uzio, maana bomba lile linapita kwanza ndani, na kwenye kiungo chake cha zamani linavuja vizuri tu. Watu hawa hawakukuta habari ya yule msichana wa Manono. Kila mmoja wao ni kuku mweupe.

Na ndipo bidoni ilipoamua kufa. Plastiki nayo huzeeka. Njano ilikuwa imekuwa nyeupe siku nyingi, na siku moja, majuma machache kabla ya kuaga kwangu, Dorcas aliigusa ili afute vumbi ikamvunjikia mkononi kama ganda la yai. Dorcas mnamjua, ndiye anayeshika kazi yangu, ana mkono mzuri na anajua kuchapa vibao kwa mashine kule mjini. Alikuja kwangu na vipande kwenye kanga, macho yamejaa machozi.

“Mama Faila, imeisha.”

“Naona, mwanangu.”

“Nimefikiri. Tununue ingine mupya. Tupashe musumari kwa moto, tutoboe matundu sawasawa na ya zamani. Nani atajua?”

“Weye utajua. Siku mutoto atauliza kama ni kweli, mama yake atakuangalia weye.”

Alivifunga vipande kwenye kanga. Kisha akauliza, kwa upole lakini aliuliza, “Sasa tutafanya nini, Mama?”

Nililala siku kadhaa nikijua kwamba pale chini uzio uko wazi kwa macho ya kila mwenye kiu, na kwamba mimi naondoka. Fuvu haliwezekani. Kibao cha maneno kitasomwa na wanaosoma. Picha ya mamba? Hapa kila mtu ameona picha ya mamba, hata kwenye vitenge. Mwishowe nilimfuata Papa Kasongo, ambaye bado anamtunza Mama Mukubwa na ambaye naye sasa ana mvi, nikamweleza. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

“Dada, ule mamba amezeeka kama siye. Hata samaki anangojea nimuwekee mdomoni. Sijui kama angali anaruka.”

“Tumuulize mwenyewe,” nikasema.

Ikawa Jumamosi mchana, saa ya chakula chake. Uzio ulijaa. Wengi walikuwa wale wapya, na bidoni zao ziko miguuni kwa sababu foleni ya maji iko pale pale. Tulinunua bidoni ya njano, tukaifunga kamba, tukaipaka utumbo wa samaki. Papa Kasongo alitaka kuishika yeye. Nilikataa. Nilipita mlango mdogo wa watunzaji, yeye nyuma yangu na mti wake mrefu wa kumzuilia mamba, nikashuka mpaka kwenye kiungo cha zamani, pale pale. Nilikuwa sijakanyaga mahali pale tangu siku ya gauni kuchanika. Niliogopa, wala sioni haya kusema.

Niliitupa bidoni majini. Mama Mukubwa alikuwa amelala kando, macho nje ya maji. Hakujisogeza. Niliivuta, nikaitupa tena karibu na pua yake. Alifumba macho. Watu kwenye uzio wakaanza kunong'ona, mtoto mmoja akacheka. Mtu akasema ule ni gogo. Dorcas aliniita kwa sauti ya chini, “Mama, tuache. Amechoka.”

Nilikaribia kuacha. Lakini nikakumbuka kwamba siku ile bidoni haikuwa ikielea. Ilikuwa inaguna. Nilikuwa nimeinama, maji yanaingia, na ile sauti ya bidoni inayomeza maji ndiyo aliyoifuata. Ni sauti ya mnyama anayekunywa, na yeye maisha yake yote amekula wanaokuja kunywa. Nikaivuta bidoni, nikaifungua kifuniko, nikaiinamisha chini ya bomba linalovuja, nikashika mpini. Nikainama vile vile. Maji yakaanza kuguna ndani.

“Faila,” Papa Kasongo akasema nyuma yangu, na hakumalizia.

Maji yalipasuka. Sikumwona akija, kama vile sikumwona zamani. Mkono ulivutwa, bega likalia mahali pale pale linapolia kila msimu wa mvua, nikaachia, nikarudi nyuma mpaka mgongo wangu ukagonga mti wa Kasongo. Mama Mukubwa aliitikisa bidoni mara mbili, tukasikia plastiki ikivunjika, kisha akaona haina nyama, akaiacha ielee. Akarudi mahali pake akalala. Kasongo akavuta kamba. Matundu yalikuwa mapana zaidi kuliko ya zamani na yamepungua, maana meno mengine amekwisha kuyapoteza, lakini yalikuwa yake.

Nilicheka na kulia pamoja, nikamshukuru kwa sauti, nikamwita Mama Mukubwa kama mtu anavyomwita dada mkubwa wa mama yake. Kisha nikageuka kutazama uzio, kwa sababu mzee wangu alinifundisha kwamba kazi haitazamwi kwenye kibao. Mbele kabisa alisimama mwanamke mmoja kijana, mgeni, simjui jina, na mtoto wake wa kike kando yake ana kidumu kidogo cha mafuta cha kuchotea maji. Mwanamke yule alitazama bidoni iliyokuwa ikivuja maji kwa matundu yake mkononi mwa Kasongo. Bila kusoma herufi yoyote, bila kuambiwa na mtu, alimshika mtoto mkono na kurudi hatua moja nyuma.

Nikamwambia Dorcas alete waya.